Sampuli ya stendi na mizani ya Mbuyuni: tunavyoukosea mtihani wa mbinu za utafiti

Jumamosi iliyopita tulikuwa saba chumbani Majengo, hapa Moshi, zikiwa zimebaki siku 19 kufika UE, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni. Kila muhula pepa likikaribia nakaa na wanafunzi wa mawasiliano kwa umma tupitie somo la mbinu za utafiti. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja na desa, yaani muhtasari wa kusomea, la kurasa 60, karibu kila mstari umepakwa wino wa njano. Nikamuuliza: kituo cha redio kinataka kujua wakulima wa kahawa wa wilaya ya Hai husikiliza vipindi vya kilimo saa ngapi, wewe ungeanzia wapi? Akanipa maana ya utafiti kwa mujibu wa mtaalamu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hakukosea hata neno. Ila swali lilibaki pale pale, halijaguswa.

Huyu binti ana akili na anapiga msuli kweli. Kinachomwangusha ni mambo aliyoambiwa kuhusu somo lenyewe, na mengi nayasikia kila mwaka.

Dhana: Hili ni somo la kukariri, ukishika maana zote umefaulu.

Maana zinakupa alama za sehemu ya kwanza, basi. Alama nyingi ziko kwenye maswali ya kisa: umepewa tatizo, umeambiwa uchague njia na uitetee. Anayesahihisha anatafuta neno "kwa sababu". Ukiandika "nitatumia dodoso" umesema nusu. Andika kwamba utatumia dodoso la kusomewa na mdadisi kwa sababu baadhi ya wakulima ni wazee wasiosoma kwa urahisi, na kwamba njia hiyo ina gharama yake: mtu akiulizwa uso kwa uso huwa anajibu ya kumpendeza aliyemuuliza. Hapo umechagua, umeeleza sababu na umekiri udhaifu. Ukizoea kuyafanya hayo matatu kwa kila swali, desa utalihitaji kidogo sana.

Dhana: Sampuli kubwa ndiyo sampuli nzuri.

Sampuli ni wale wachache unaowachagua wawakilishe kundi zima. Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapoangukia, nikiwemo mimi. Nilirudia mtihani wa somo hili nikiwa mwanafunzi. Swali lilitaka sampuli nasibu ya wakazi wa Moshi. Nikaandika kwa kujiamini kwamba nitasimama stendi kuu asubuhi hadi jioni, nihoji kila atakayepita mpaka nifikishe watu 1,000. Nilidhani nasibu ni yeyote utakayekutana naye. Sivyo. Nasibu maana yake kila mtu katika kundi unalolichunguza ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na aliyechaguliwa amepatikana kwa bahati nasibu, hukumchagua kwa macho yako. Mama anayeuza ndizi Rau na hapandi daladala wiki nzima, kwangu mimi hakuwa na nafasi hata kidogo. Ile ilikuwa sampuli ya urahisi, na ningehoji watu 10,000 bado ingekuwa sampuli ya watu wa stendi.

Mfano unaosomwa dunia nzima ni wa Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma takribani kadi milioni 10 za kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba mgombea Alf Landon anashinda. Mpinzani wake, Franklin Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limechota majina kwenye orodha kama za wenye simu na wenye magari, tena miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. Mwaka huohuo mpima maoni George Gallup, akiwa na sampuli ndogo mno kuliko ile, alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa chukua kalamu. Kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, inayopendwa sana vyuoni kwetu, inasema gawanya idadi ya watu kwa jumla ya 1 na idadi hiyo ikizidishwa kwa mraba wa kosa unalolivumilia. Tuseme kosa ni 0.05, ambalo mraba wake ni 0.0025. Chuo chenye wanafunzi 800: 800 gawanya kwa 3, unapata 267. Mji wa watu 10,000: 10,000 gawanya kwa 26, unapata 385. Mkoa mzima wa Kilimanjaro, ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 1,861,934: unapata 400. Itazame tena hiyo. Idadi imepanda kutoka elfu kumi hadi karibu milioni mbili, sampuli imeongezeka watu 15 tu. Wanafunzi hawaamini mpaka wakokotoe wenyewe, nami huwaacha wakokotoe. Mpishi akiukoroga mchuzi vizuri, kijiko kimoja kinatosha kuonja chumvi, iwe sufuria ya nyumbani au ya harusini. Kukoroga ndiko kuchagua kwa nasibu. Kanuni ya Yamane inakupa ukubwa wa kijiko, haikukorogei mchuzi.

Dhana: Uthabiti na uhalali ni kitu kimoja kwa majina mawili.

Nenda soko la Mbuyuni ukiwa na kilo moja ya maharage uliyoihakiki. Iweke kwenye mizani iliyoharibika: inasoma kilo 1.2. Inua, weka tena: 1.2. Mara ya tatu: 1.2. Mizani hiyo ni thabiti kabisa, na inakudanganya kila mara. Uthabiti ni kurudia jibu lilelile. Uhalali ni kupima kile ulichokusudia kukipima. Dodoso linalouliza "Je, unafuatilia habari?" linaweza kupata "ndiyo" leo na wiki ijayo kwa mtu yuleyule, na bado halijapima ufuatiliaji wa habari, limepima aibu ya kusema hapana.

Kwenye uchambuzi wa maudhui, yaani kuzipanga habari kwenye makundi na kuzihesabu, uthabiti una hesabu yake. Wachambuzi wawili wamesoma habari 100, kila mmoja peke yake, wakiamua kama habari ni hasi au chanya. Wamekubaliana kwenye 80. Asilimia 80 inapendeza, na wengi huishia hapo. Lakini ikiwa kila mmoja aliziita hasi habari 80, wangeweza kukubaliana kwa bahati tu kwenye 68: zidisha 0.8 kwa 0.8, ongeza 0.2 mara 0.2. Kipimo cha kapa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinaiondoa hiyo bahati: 0.80 toa 0.68, gawanya kwa 1 toa 0.68. Jibu ni 0.375. Makubaliano yaliyoonekana mazuri kumbe ni hafifu, na mwongozo wa kuchambulia unahitaji kuandikwa upya. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha hesabu hiyo ndani ya mistari minne amemaliza swali.

Dhana: Utafiti wa kimaelezo, ule wa mahojiano na maneno badala ya takwimu, ni wa wanaokimbia hesabu.

Wanaosema hivyo hawajawahi kunakili mahojiano. Saa moja ya sauti itakula saa kadhaa za kuandika, na huku kwetu kuna jambo jingine: Kichaga cha Machame si cha Rombo, na mzee akikujibu kwa lugha yake, tafsiri yako tayari ni uchambuzi. Mtihani utakuuliza ulijuaje kwamba watu uliowahoji wametosha. Jibu ni pale mahojiano mapya yanapoacha kuleta jambo jipya. Namba uliyoipanga ukiwa nyumbani haitoshi kuwa sababu.

Dhana: Vitu viwili vikienda pamoja, kimoja kimesababisha kingine.

Wakulima wenye redio wanavuna zaidi. Basi redio inaongeza mavuno? Huenda wenye uwezo ndio wanaonunua redio, na mbolea pia. Hata utafiti maarufu kuliko yote wa somo letu ulibanwa hapa. Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua, huko Chapel Hill, kwenye uchaguzi wa Marekani wa 1968, wakalinganisha majibu yao na yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Walipochapisha mwaka 1972, uwiano kati ya hivyo viwili ulikuwa mkubwa ajabu, zaidi ya 0.9, ambapo 1 ni kwenda pamoja kabisa. Lakini nani alimfuata nani? Huenda wahariri ndio waliofuata wasiwasi wa wananchi. Ilibidi yaje majaribio, hasa ya Shanto Iyengar na wenzake miaka ya 1980, ambapo watafiti wenyewe walibadilisha taarifa za habari walizoonyeshwa watu, ndipo mwelekeo wa sababu ukaonekana. Ukiulizwa jaribio lina faida gani kuliko dodoso, jibu ndilo hilo na mfano ndio huo.

Dhana: p ikiwa chini ya 0.05, nadharia tete yangu, yaani dai ninalolipima, ni kweli kwa asilimia 95.

Hapana. Hiyo p, namba inayotoka kwenye kipimo cha takwimu, inasema tu kwamba kama tofauti isingekuwepo kabisa, matokeo kama haya au yaliyozidi haya yangetokea chini ya mara 5 katika 100. Andika hivyo, usiongeze neno.

Dhana: Ukiwa na barua ya chuo na kibali cha mtendaji wa kijiji, maadili yamekamilika.

Kibali kinakuruhusu kuingia kijijini. Ridhaa anaitoa mtu mwenyewe, baada ya kuelezwa, na anaweza kuiondoa katikati ya mahojiano. Mtendaji hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya mwanakijiji.

Sasa lile desa la njano. Kusoma na kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba umeelewa, kwa kuwa maneno umeyazoea. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hilo mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma matini mara mbili waliwashinda wenzao dakika tano baadaye. Baada ya wiki moja hali ikageuka: waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukumbuka bila kutazama walishika asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo anayekesha akisoma usiku wa kuamkia pepa anaweza kuokoka asubuhi ile, lakini anayefunga daftari leo na kuandika anachokumbuka ndiye atakayekuwa nacho siku ya 19. Mitihani ya nyuma itumieni hivyohivyo: ijibuni kwa saa, bila desa. Kuitumia kubashiri maswali ni kamari. Na eleweni kwanza kwa Kiswahili, mjadiliane kwa Kiswahili. Kiingereza cha mtihani huja kwa urahisi jambo likishakaa kichwani.

Tulimaliza saa 12 jioni. Binti aligeuza desa lake kifudifudi, akakaa kimya kama dakika mbili, kisha akarudi kwa wale wakulima wa Hai. "Kaka, kabla ya kusema dodoso," alisema, "orodha ya wakulima iko kwa nani? Chama cha ushirika? Maana asiyeuza kahawa kupitia chama hatakuwemo."

Wenzake wakaanza kubishana ni nani mwingine angekosekana. Nikawaachia ubao.