Wekundu wa Bitiruti Si Madini ya Chuma

Wiki iliyopita mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikiwa gramu 8 tu kwa desilita, aliniambia kwamba ameacha vidonge vya chuma vya kuongeza damu kwa sababu juisi ya bitiruti inamtosha, kwani "si unaona ilivyo nyekundu?" Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara anayeyaamini ndiye anayeumia. Wekundu huo ni rangi iitwayo betanini, isiyo na chuma hata chembe. Gramu 100 za bitiruti zina takriban miligramu 0.8 tu za chuma, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ameze miligramu 30 hadi 60 kila siku, na 120 akiwa tayari ana upungufu wa damu.

Linaloniudhi zaidi, hata kwa wahudumu wenzangu, ni kuisoma namba ya chuma kwenye jedwali la virutubishi vya vyakula kana kwamba chuma chote kinacholiwa huingia kwenye damu. Chuma kilichomo katika damu na misuli ya mnyama hufyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35. Cha mchicha na maharage hufyonzwa kwa kiwango cha chini zaidi, pengine asilimia 2 tu. Kwa sababu hiyo mwongozo wa mwaka 2004 wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) haukumpa mwanamke anayepata hedhi namba moja: anahitaji miligramu 19.6 kwa siku ikiwa mlo wake hufyonzwa kwa asilimia 15, na 58.8 ikiwa ni asilimia 5. Kumpimia mla dona na maharage kwa miligramu 18 kwa siku zinazopendekezwa Marekani, zilizokadiriwa kwa mlo unaofyonzwa kwa asilimia 18, ni kumpunja.

Fitati za dona na tanini za chai, kemikali za asili zilizomo katika mimea, hukizuia chuma kufyonzwa. Kuloweka maharage na kula chungwa pamoja na mlo husaidia. Hata hivyo nakiri kwamba vipimo vingi vya athari hizo vilifanywa kwa mlo mmoja mmoja, na watu wakifuatiliwa kwa wiki kadhaa, athari za chai na chungwa huonekana ndogo kuliko tunavyofundisha. Ushauri ninaoutoa wa kungoja saa moja baada ya kula ndipo mtu anywe chai hauna uzito sawa na ule wa kidonge.

Nilipomuuliza tena kwa upole, mama yule alisema kidonge kilimtia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, akaogopa. Nilimweleza kwamba weusi huo ni wa chuma kisichofyonzwa. Tumekubaliana akimeze usiku baada ya kula, na juisi yake aendelee kuinywa.