Udaktari wa Kamuzu Banda: yasemwayo Mkunguni na yaliyokuwa

Uchaguzi ukikaribia na daktari akatajwa kugombea, pale uwanjani Mkunguni mbele ya ngome ya Amu (Lamu) hakosekani mzee wa kumleta Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Kahawa inazunguka, maneno yanazunguka, na mengine si kweli.

"Udaktari wake ulikuwa wa heshima tu." La hasha. Banda alihitimu utabibu Chuo cha Meharry, Tennessee, mwaka 1937. Shahada hiyo ya Marekani haikumtosha kutibu katika himaya ya Waingereza, ikambidi arudi darasani Edinburgh. Baadaye akafungua zahanati Harlesden, London, na wagonjwa wake wengi walikuwa Wazungu. Mwaka 1953 akahamia Kumasi, Ghana ya leo, akaendelea kutibu.

"Alipigania uhuru bega kwa bega na watu wake tangu mwanzo." Hili lina ukweli nusu. Akiwa ng'ambo alilipinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland (Nyasaland ndiyo Malawi ya leo), lililokuwa chini ya Waingereza, lakini nyumbani hakuwako kwa miaka kama 40. Alirudi 6 Julai 1958 kwa kuitwa na vijana wanasiasa kina Henry Chipembere na Kanyama Chiume, waliotaka mtu mzima mwenye kisomo na mvi awe uso wa chama chao cha kupigania uhuru. Akahutubia kwa Kiingereza, mkalimani pembeni. Machi 1959 Waingereza wakamfunga Gwelo (Gweru, Zimbabwe ya leo), wakamtoa Aprili 1960. Uhuru ulipatikana 6 Julai 1964, na hata miezi mitatu haikutimia akawa amegombana na vijana wale wale waliomwita. Chipembere na Chiume wakaishia uhamishoni.

"Daktari hawezi kuwa dikteta, kazi yake ni kuponya." Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana hurudiwa kila mwaka wa kura. Mwaka 1971 Banda alifanywa rais wa maisha. Wapinzani walijaa vizuizini, wanawake walikatazwa suruali, wanaume nywele ndefu. Cheti cha utabibu kinaonyesha mtu amesoma nini. Hakisemi atafanya nini akipingwa.

"Alifia Ikulu." Hapana. Kura ya maoni ya Juni 1993 ilirudisha vyama vingi, na 1994 Bakili Muluzi akamshinda, naye Banda akayakubali matokeo. Kisha akashtakiwa kwa mauaji ya wanasiasa wanne yaliyotokea Mwanza (ya Malawi, si ya Tanzania) mwaka 1983, na mahakama ikamwachia huru. Alifariki Novemba 1997 katika hospitali ya Johannesburg.