Je, wajua kwa nini kupandisha dau kwenye poka ukiwa na hakika ya kupata nusu ya kitita, yaani ya dau zote za mezani, kunaweza kukupa faida ya sifuri?

Jioni za Jumamosi, kwenye kibaraza kimoja cha Ntinda, Kampala, tulikuwa tunacheza poka ya kugawana kitita nusu kwa nusu, kwa vizibo vya soda. Kila kizibo tulikihesabu kuwa shilingi 10,000, utajiri ambao hakuna aliyekuwa nao mfukoni. (Sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inataka mtu awe ametimiza miaka 25 ndipo acheze kwa fedha, vizibo havina umri.) Nilikuwa na kanuni moja niliyoiona haina mjadala: nikishajua nusu ya kitita ni yangu, napandisha dau mpaka mwisho. Mtu atakosaje faida kwa kitu ambacho tayari ni chake?

Usiku mmoja nilimpandishia shemeji yangu mara nne mfululizo. Tukafunua karata, nikachukua nusu yangu, nikahesabu. Vizibo vilevile nilivyoweka, na kimoja zaidi cha jirani aliyejitoa mapema. Shemeji hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akikoroga kwa bidii chai isiyo na sukari.

Mchezo wenyewe ni poka ya karata saba, ile ya juu na chini. Wenyewe huiita stadi, lakini usitafute ustadi ndani ya jina hilo. Kila mmoja anapewa karata zake: mbili zimefunikwa na moja wazi, kisha tatu wazi moja moja, na ya saba imefunikwa. Katikati ya hatua hizo watu wanaweka dau. Mwishoni kitita kinakatwa vipande viwili, nusu kwa mkono mkubwa kuliko yote (mkono ni karata tano anazochagua mtu), nusu kwa mkono mdogo kuliko yote. Mkono mdogo una sharti: karata tano zisizofanana, zote kuanzia 8 kushuka, na ree inahesabiwa kuwa moja. Asipopatikana wa kulitimiza, mwenye mkono mkubwa anabeba zote. Na kwa kuwa unachagua tano za juu na tano za chini kutoka zilezile saba, mtu mmoja anaweza kubeba nusu zote mbili. Aliyezoea matatu, karata yetu ya hapa Uganda, hatashangazwa na udogo kushinda. Karata ikikatwa kwa 7, mwenye hesabu ndogo ndiye bingwa. Kigeni hapa ni kwamba mkubwa na mdogo wanashinda pamoja, mezani pamoja.

Mwaka 2006, huko Las Vegas, mcheza poka Mmarekani Chip Reese alishinda shindano la ada ya dola 50,000 lililochanganya poka za aina tano, hii ikiwamo. Cha ajabu ni kwamba meza ya mwisho ilichezwa Texas Hold'em peke yake, poka isiyogawa kitita juu na chini, kwa ajili ya televisheni.

Turudi kwenye kosa langu, kwa sababu wengi tunalo.

Chukua mbuzi wa sikukuu. Wewe na jirani mnachanga sawa, mnachinja, mnagawana nusu kwa nusu. Ukimshawishi mnunue mbuzi mkubwa zaidi utapata nyama nyingi zaidi, ni kweli, ila kila kilo umeilipia. Kupandisha dau mkiwa wawili, nawe huna tumaini la kitu zaidi ya nusu, ni kumnunua huyo mbuzi mkubwa. Unaweka 10,000, naye anaweka 10,000, unarudishiwa 10,000. Chai imekorogwa.

Sasa aingie mtu wa tatu, achange sawa nanyi, halafu mwishoni aondoke na kwato. Hapo ndipo ukubwa wa mbuzi unaanza kuwa na maana: umelipa theluthi, unakula nusu. Kwa vizibo, 30,000 zimeingia, 15,000 ni zako, faida ni 5,000. Wakiwa wanne mnaochanga, faida inafika 10,000 kwa kila dau. Kwa maneno mengine, faida ya mwenye hakika ya nusu haitoki kwa yule anayegawana naye. Inatoka kwa yule wa kwato. Kile kizibo kimoja nilichopata usiku ule kilikuwa cha jirani aliyejitoa, na mimi nilidhani nimemnyang'anya shemeji.

Kuna mbuzi mbaya zaidi. Watu watatu mnachanga sawa. Mmoja anachukua nusu nzima ya juu, na wewe unagundua kwamba mwenzako ana mkono mdogo sawasawa na wako. Nusu ya chini inakatwa tena. Umelipa theluthi, unakula robo: kwa kila 10,000 unarudi na 7,500. Hapo kila ulipopandisha ulikuwa unajichimbia. Mkiwa wanne, robo inakurudishia chako tu. Tahadhari moja: kwenye karata saba hali hii si ya kila siku, kwani kila mtu ana karata zake. Omaha, poka nyingine ya juu na chini yenye karata tano za wote katikati ya meza, ndiyo yenye robo nyingi.

Hesabu hii inageuza hata swali la nani amekaa wapi. Mtu wa kwato akiwa ameshalipa dau la kwanza na zamu imefika kwako, pandisha. Mara nyingi atafuata kwa kuwa mguu mmoja umeshaingia. Lakini akiwa bado hajacheza, na anakusubiri wewe, kupandisha kutamfukuza, nawe utabaki na jirani yuleyule wa nusu kwa nusu. Hapo lipa tu, kimya kimya. Mwenye jozi ya wafalme mwanzoni kabisa yuko upande wa pili wa jambo hilihili: yeye hupandisha ili kufukuza, wakati wenye karata ndogo tatu bado hawana mkono wowote na huenda wasiupate.

Basi, mkiwa wawili hakuna haja ya kupandisha kamwe? Ipo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Tuseme umefikia karata ya tano. Umefunika ree na 3, na mbele yako ziko wazi 4, 5 na 7. Mkono mdogo umekwisha kamilika. Mwenzako anaonyesha wafalme wawili na 10. Zitazame tena karata zake: tatu zimepita 8. Kati ya saba atakazopata, ndogo haziwezi kuzidi nne, na mkono mdogo unahitaji tano. Nusu ya chini hawezi kuigusa hata karata zilizobaki zikimnyeshea baraka.

Wewe, kwa upande mwingine, unaweza kuigusa nusu yake. Ikija 2 una ree mpaka 5 kwa mfululizo. Ikija 6 una 3 mpaka 7. Mfululizo wa tano unazidi jozi ya wafalme. Hizo ni karata nane kati ya 44 usizoziona, na una nafasi mbili za kuzivuta: karibu mara moja katika kila tatu. Kwa hiyo kila kizibo unachoongeza, mara mbili kinarudi kilivyo, na mara ya tatu kinarudi na mwenzake. Huyo si mbuzi wa nusu kwa nusu tena. Ni mbuzi ambaye paja la jirani linaweza kuja kwako, na lako haliwezi kwenda kwake.

Ipunguze kidogo hesabu hiyo kwa ajili ya zile siku ambazo wafalme wawili wanageuka watatu pamoja na jozi, wakauzidi mfululizo wako. Hata hapo unabaki na nusu yako. Na usitarajie akimbie ukipandisha. Mwenye wafalme wawili wazi haogopi mtu anayeonyesha 4, 5 na 7.

Ipunguze zaidi kwa karata zilizokwisha pita. Walioziacha mapema walikuwa na karata wazi mbele yao kabla ya kuzilaza, na 2 iliyolazwa na jirani haiji kwako tena. Shemeji huzihesabu kwa midomo, bila sauti, kabla hajagusa kizibo hata kimoja.