Hiyo Si Picha ya Proxima b

Wageni wanaokuja kuchungulia kwenye darubini yangu hufika na simu mkononi, na ndani ya simu kuna ile "picha": magenge mekundu na jua jekundu limening'inia juu ya upeo. "Mwalimu, hii ndiyo Proxima b, ile sayari ya nyota jirani, sivyo?" Siyo! Ni mchoro. Maandishi madogo ya chini husema hivyo, ila kuna mtu huyakata kabla ya kusambaza. Sayari hiyo haijawahi kupigwa picha.

Kilichotazamwa ni nyota yake, Proxima Centauri, hasa kwa darubini ya mita 3.6 iliyoko La Silla, Chile. Sayari ikizunguka, nyota nayo huvutwa kidogo, mara inatusogelea, mara inatuacha. Mistari ya spektra yake, yaani nuru yake ikitandazwa kwa rangi, ikawa inahamia kwenye buluu nyota inapotusogelea, kisha kwenye nyekundu inapotuacha, na mchezo huo ukajirudia kila baada ya siku 11.2. Kasi yenyewe ni kama mita 1.4 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nyota iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, na bado mwendo huo ukatambulika! Mchoro gani utashinda hilo? Ugunduzi ulitangazwa Agosti 2016.

Njia hii ina mipaka yake. Inatupa tungamo (wingi wa maada) la chini kabisa ambalo sayari inaweza kuwa nalo, linalokaribia la Dunia. Kipenyo haitupi, kwa sababu sayari haijaonekana ikipita mbele ya nyota yake. Kwa hiyo hata hilo la kuwa ya mawe ni makisio, ingawa ni makisio mazuri. Sasa rangi ya magenge aliiona nani?

Madai mengine ninayosikia nayapitia haraka. Eti nyota ni dhaifu, basi sayari imeganda: iko kilomita milioni 7 tu kutoka kwa nyota yake, wakati sisi tuko milioni 150 kutoka kwa Jua. Eti imo kwenye ukanda wa maji, yaani umbali ambao maji yanaweza kuwa kimiminika, basi ina maji: ukanda huo ni hesabu ya joto linaloifikia, haujui lolote kuhusu angahewa, na Proxima ina milipuko mikali inayoweza kuipeperusha. Eti ni jirani, tutahamia: chombo cha anga Voyager 1, kwa kilomita 17 kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza safari hiyo.

Na wanaoniapia kwamba nyota hiyo huiona kwa macho, wameona Alpha Centauri, jirani yake angavu. Proxima haionekani bila darubini, na nikiwaonyesha hulalamika: "Kumbe kinukta tu?"