Maji yakipungua kwenye membreni, usikimbilie kuongeza pampu

Naomba niliseme hili kwa mafundi na wenye mahoteli wa Arusha na Moshi walioweka mtambo wa majitaka wa membreni, yaani vichujio vya vitundu vidogo sana. Maji yakianza kutoka kidogo, mtu wa kwanza kulaumiwa ni pampu, inaongezwa spidi, na hapo ndo membreni zinapouliwa. Na ni kitu cha bei, kinaagizwa nje, unakisubiri wee.

Mle kwenye tenki kuna tope lenye bakteria wanaokula uchafu, tunawapulizia hewa kwa blowa, halafu badala ya kusubiri tope litulie tunazamisha membreni humohumo, mirija myembamba kama tambi yenye vitundu vya maikromita 0.04 mpaka 0.4 hivi, pampu inavuta maji kwa ndani na tope linabaki nje.

Nywele na nyuzi za vitambaa vya kujifutia zinajisokota kwenye mirija, kweli, ndo maana chujio la mwanzo linatakiwa liwe la milimita 1 au 2. Ila adui mkubwa zaidi ni ute. Bakteria wanautoa wenyewe, ni protini na sukari zilizoungana, na wakibanwa wanautoa zaidi, iwe ni hewa kupungua, chumvi, au dawa ya usafi iliyomwagwa kwa ndoo. Ukitoa mrija ukaumwagia maji, tope la kahawia linaondoka lote unaona umetakata, pitisha kidole sasa, utakuta kitu kinateleza kimeng'ang'ania hapohapo. Ndo huo ute.

Mwaka 1995 mtafiti Field na wenzake walieleza kwamba kuna kiwango cha kuvuta maji ambacho ukikaa chini yake membreni haichafuki kwa haraka, ukikizidi uchafu unaanza kujijenga. Mimi naona hilo ndo jambo kubwa kuliko dawa zote. Kwa sababu vitundu vikiziba upande mmoja, vilivyobaki wazi vinabeba mzigo wa wenzao, navyo vinazidishiwa kiwango chao, vinaziba, na unaona geji ya presha iliyokuwa inapanda taratibu kwa wiki kadhaa inaruka ghafla. Ukiongeza pampu hapo unaharakisha huo mruko na unalishindilia tope kwenye kuta za mirija.

Kwa hiyo punguza kuvuta. Ipumzishe pampu kila baada ya dakika kama tisa, dakika moja ya viputo vya blowa tu vikisugua mirija. Angalia blowa, na umeme ukikatika (tunaujua huu wa kwetu) pampu isivute kabisa kama blowa haijawaka, ifungwe pamoja na blowa kwenye umeme wa kontroli ijizime yenyewe, usimwachie mlinzi akumbuke. Arusha mwezi wa saba kwenye baridi maji yanakuwa mazito, presha inapanda kidogo hata kama hakijaziba kitu, usiogope.

Ikibidi kuosha kwa dawa, klorini ni ya ute, asidi ya sitriki ni ya chokaa na kutu. Usizichanganye hata kwa bahati mbaya, zinatoa gesi ya klorini na gesi hiyo inaua mtu. Suuza tenki na mabomba yote kwa maji mengi katikati ya dawa moja na nyingine, na mlango wa chumba cha mtambo uwe wazi muda wote.