C. L. Moore hakuficha kwamba ni mwanamke

Wapenzi wengi wa hadithi za kale za sayari za mbali huamini mwandishi C. L. Moore alitumia herufi tu badala ya jina kamili kwa sababu majarida ya Marekani yaliwakataa wanawake. Sivyo. Mwaka 1933, ajira zikiwa adimu, Catherine Moore alifanya kazi benki mjini Indianapolis, akihofia mwajiri angemwachisha kazi akijua ana kipato cha pembeni.

Novemba mwaka huo, jarida la Weird Tales likachapa hadithi yake “Shambleau”. Naipenda mno! Huko Mirihi kilemba kinafunguka, na badala ya nywele zinaporomoka nyuzi nyekundu zinazojinyonganyonga kama minyoo. Mwili unasisimka. Udhaifu upo: visa vingi vilivyofuata vya shujaa wake, Northwest Smith, vinarudia mtego uleule.