Huo Mpodo Si Mjane

Kamwene. Wiki iliyopita nimelisikia tena lile neno, kwamba mti uliobaki peke yake hauna mwenzi wa kuzaa naye, safari hii kwa afisa kijana, tumesimama pembeni ya shamba la chai huku Mufindi: "Mzee, huo mpodo ni mjane. Mbegu zake hewa tu, bora upasuliwe mbao." Nimeshalisikia kwa wenye vitalu, kwenye semina, hata kwa watu wenye shahada. Leo nimechoka.

Nilitoa kisu. Mpodo ni mti wa asili wa misitu yetu ya milimani; dume ni mti wake, jike mti wake, na ule ulikuwa jike, mbegu zimekaa juu ya vitako vyekundu laini. Nikaokota kiganja kizima nikapasua moja moja. Chache zilikuwa tupu. Nyingi zilikuwa na kiini cheupe kimejaa, na katikati kiinitete. Jike halijichavushi, bwana. Kiinitete kile kina baba.

Upweke ni wa macho yetu. Msimu wa chavua ya paini, kila dimbwi la shamba la miti la Sao Hill huzungukwa na utando wa njano, tanki la pikipiki likawa kama limenyunyiziwa bizari. Chavua ile ina vifuko vya hewa, na ya mpodo inavyo pia. Kule Marekani walikamata chavua ya paini aina ya Pinus taeda kilomita 41 kutoka ilikotoka, na bado iliweza kuota. Ila kiboko ni mkuyu. Anayeuchavusha ni nyigu mdogo sana, maisha yake hayafiki siku mbili, anabebwa na upepo. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu mikuyu ya Mto Ugab, Namibia, ulikuta chavua imesafiri wastani wa karibu kilomita 90, nyingine hadi 160. Mkuyu "mjane" wa kando ya Ruaha Mkuu huenda una wachumba wengi kuliko wewe.

Sasa wapo wanaofurahi mapema: "Kumbe chavua inafika, basi hakuna tatizo." Hawa wananiudhi kuliko yule afisa. Kufika ni jambo moja, imetoka kwa akina baba wangapi ni jambo jingine kabisa. Chavua nyingi huanguka karibu, na ile inayokwenda mbali ni mkia mwembamba. Costa Rica walichunguza Symphonia globulifera, mti ambao hata Usambara upo. Matokeo ya 1998: miti michache iliyoachwa malishoni ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya miche ndani ya mabaki ya msitu. Ushindi? Hapana. Mti wa malishoni huchanua sana, ndege wanaouchavusha wanabaki palepale wanazunguka tawi hadi tawi, unajichavusha wenyewe, na msitu unajazwa watoto wa wazazi wachache. Miche ni mingi, ukoo ni mmoja. Mpodo hauwezi kujichavusha, sawa, lakini jike lenye dume moja tu la kulifikia litazaa ndugu watupu, na ndugu hao kesho wataoana.

Halafu huletwa ile kanuni iliyotokana na hesabu za Sewall Wright, mtaalamu wa vinasaba: mhamiaji mmoja kwa kizazi, yaani mzazi mmoja kutoka nje, anatosha kuzuia kundi lililotengwa lisipoteze utajiri wa vinasaba. Watu huitamka kama dawa ya kikohozi. Hesabu ile inataka mhamiaji aliyekua na kuzaa. Chembe ya chavua iliyotua haihesabiki, wala mche ulioliwa na mbuzi. Na kizazi cha mpodo ni miongo mingi, kwa hiyo tukikosea leo atakayegundua ni mjukuu. Mipodo mikubwa iliyobaki ilizaliwa kabla ya chai. Ukipima vinasaba vyake utakuta utajiri wa msitu uliokwisha kukatwa, ufurahi bure. Pima miche.

Na mimi nina mashaka yangu. Kumtafuta baba, sisi watafiti tunachukua jani la kila mti wa jirani, tunalinganisha vinasaba vyake na vya mche. Akikosekana anayelingana tunaandika "ametoka nje". Nje wapi? Pengine ni mti tulioukosa bondeni, pengine maabara imesoma alama moja ya vinasaba vibaya. Wakati mwingine jirani analingana kwa bahati tu, baba halisi yuko kijiji cha tatu. Kwa hiyo zile kilomita kwenye grafu nazisoma jicho moja nimelifumba, za kwangu zikiwemo.

Kwa wenye vitalu, upesi: msijaze gunia kutoka mti mmoja wa barabarani kwa sababu matawi yako chini. Changanyeni mbegu za mama wengi, walioachana, kutoka mabonde tofauti. Mkulima wa Njombe anayepanda parachichi za Fuerte katikati ya Hass ili zichavushane ameshaelewa nusu ya somo.

Afisa aliniuliza: dume liko wapi? Tulipanda kichuguu tukatazama upande unakotoka upepo. Chai, milingoti, paini, chai tena, na mbali kabisa kipande cheusi cha msitu kwenye korongo. Alikitazama muda mrefu, kisha akaniomba kisu akaendelea kupasua mbegu.